Kuuzisha nyumba: bei ya kuomba inatoka wapi?



Kwa kawaida tunazungumuza hapa juu ya kahawa, mihogo, mbegu na magonjwa ya mimea. Leo somo letu ni nyumba. Tumelichagua juu katika mikutano yetu ya kando ya ziwa Kivu, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Goma, tumekutana na wanamemba wengi wanaotaka kuuzisha nyumba ya santa. Mmoja anataka kununua shamba mlimani, mwingine anadaiwa na hospitali, mwingine anahamia kwa watoto wake. Wote wanatuuliza swali moja: niombe ngapi?

Kahawa tunaiuzisha kila mwaka. Ukikosea bei mwaka huu, mwaka kesho utajirekebisha. Lakini nyumba, watu wengi wanaiuzisha mara moja tu katika maisha yao, na mara nyingi siku ile wako na haraka. Njo maana kosa lake ni kubwa.

Mama wa elfu tisa na mia tano

Tuanze na mwanamemba mmoja, mjane, mkulima wa kahawa. Hatutataja jina lake wala santa yake, lakini ametupa ruhusa ya kusimulia. Alikuwa na nyumba ya mbao juu ya msingi wa mawe, manjanja juu, vyumba vitatu na sebule, kwenye parsele ya metre 15 kwa 20. Mwezi wa tatu aliamua kuiuzisha. Tulipomuuliza anaomba ngapi, alisema: dola 9.500.

– Mama, hiyo bei umeitosha wapi?

– Shamba ile ninataka kununua, banaomba elfu sita. Deni iko elfu moja na mia tano. Masomo ya batoto babili, elfu moja. Na elfu moja ya kupunguza, juu kila mtu anapunguzaka.

Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Ukijumlisha inatoka 9.500, hakuna kosa. Lakini mle ndani hamna hata dola moja inayozungumuza juu ya nyumba. Kuna shamba, kuna deni, kuna shule. Mnunuzi yeye hanunui deni lako. Ananunua kuta, manjanja, udongo na njia ya kufika barabarani.

Na hapa tuseme ukweli: sisi wenyewe tulikosea. Mmoja wetu alimwambia, «Weka tu juu, watashusha wao.» Ni neno ambalo kila mtu analisema, na sisi tulilisema bila kufikiri.

Wiki za kwanza watu walikuja. Komisioneri alileta watatu, wanne. Walizunguka nyumba, waliuliza bei, wakasema «tutarudi». Hawakurudi. Mwezi wa sita, wakati kahawa ilikuwa imeuzishwa na feza iko mikononi mwa watu, mchuuzi mmoja alikuja na kusema: «Mama, nakupa 5.700, nalipa yote leo.» Mama alikasirika. Aliona ni matusi. Toka 9.500 mpaka 5.700! Alimfukuza kwa heshima, na mchuuzi akanunua nyumba ingine kwenye barabara ileile.

Kisha mwezi wa saba hakuna mtu. Mwezi wa nane hakuna. Mwezi wa tisa watu walikuwa wanatafuta feza ya shule, nani angenunua nyumba? Na makomisioneri walikuwa wameanza kusema, «Ile nyumba? Iko pale toka mwezi wa tatu. Iko na kitu.» Hakukuwa na kitu. Nyumba ilikuwa nzima. Kitu kilikuwa bei. Mwezi wa kumi mtoto wake aliingia hospitali, habari ikatembea, na mtu akaja na 4.000.

Kahawa inatufundisha nini

Wanamemba, hili jambo mnalijua vizuri kuliko sisi. Mnajua kama bei ya arabika inatoka kwenye soko la New York, na ya robusta London. Hakuna mnunuzi anayewauliza mlipalilia mara ngapi, ao mke wako alibeba ndoo ngapi za kahawa mbivu mpaka kwenye kituo cha kuosha. Hata kama umechoka mara mbili kuliko jirani, kilo yako na kilo yake, zikiwa za ubora mmoja, zinalipwa bei moja. Ni uchungu, lakini tumeizoea.

Kwa nyumba tunasahau. Tunasema: nilinunua mbao hizi mwaka fulani, nililipa fundi hivi, nililala hapa na marehemu mume wangu, watoto wangu walizaliwa hapa. Yote ni kweli, na yote yana heshima yake. Lakini hayaingii ndani ya bei.

Nyumba haina New York. Soko lake ni njia ile mnayokaa: nyumba zilizouzishwa karibu na wewe, na feza iliyolipwa kweli. Pale njo bei inatoka.

Tafuteni bei tatu zilizolipwa

Tunasema zilizolipwa, si zilizoombwa. Jirani yako akiomba 10.000 toka mwaka jana, hiyo haikufundishi kitu, ila kwamba 10.000 hailipwi. Usiangalie nyumba zinazongoja. Angalia zile zilizopata mwenyewe mpya.

Kupata bei ya kweli si kazi nyepesi. Aliyeuzisha anapenda kuongeza ili aonekane mjanja. Aliyenunua anapunguza, juu anaogopa wakopaji ao wajomba. Muulize mmoja, kisha mwingine, kisha muulize mmoja wa mashahidi waliotia mkono kwenye karatasi. Wakisema 6.500, 5.500 na 5.800, huyo wa mwisho mara nyingi njo anasema karibu na ukweli. Ulizeni tena kama ililipwa yote mara moja. Nyumba iliyolipwa kwa vipande vinne ndani ya mwaka mzima ililipwa kidogo kuliko namba inavyosema, juu feza ya kesho si sawa na feza ya leo.

Na bei isiwe ya zamani sana. Miezi sita, kumi, inafaa. Ikiwa katikati ya ile siku na leo kulikuwa vita, watu wakakimbia ao wakimbizi wakaja kupanga kwa wingi, ile bei ya zamani imekufa. Kwa kweli, juma la kukimbia si juma la kuweka bei hata kidogo. Anayenunua nyumba siku ile anajua kwa nini yuko mlangoni kwako.

Kwa mama yetu, tulikaa naye siku moja nzima, mwezi wa kumi, na tukapata nyumba tatu na parsele moja tupu.

Nyumba ya kwanza: ya mbao, parsele 15 kwa 20, inagusa barabara. Ililipwa 5.800.

Ya pili: ya mbao, parsele 10 kwa 20, chini imetiwa simenti. Ililipwa 4.500.

Ya tatu: nusu ya matofali ya kuchoma, nusu ya mbao, parsele 20 kwa 20, na karatasi za serikali ziko. Ililipwa 8.200.

Parsele tupu ya 10 kwa 20, ni kusema metre karé 200, ililipwa 2.400. Basi udongo pale unalipwa dola 12 kwa metre karé moja.

Sasa hesabu. Tunachukua kila nyumba iliyouzishwa na tunajiuliza: kama ingekuwa sawa na ya mama, ingelipwa ngapi?

Ya kwanza ilikuwa barabarani. Ya mama iko nyuma, hatua kama 40, mvua ikinyesha kuna matope. Tukakadiria kutosha 500 juu ya barabara. Lakini manjanja ya mama ni mapya na mazito, tukaongeza 200. Inabaki 5.500.

Ya pili ilikuwa na parsele ndogo. Ya mama inazidi kwa metre karé 100, mara dola 12, ni 1.200 ya kuongeza. Ile ya pili ilikuwa na simenti chini na ya mama ni udongo mtupu: tosha 300. 4.500 na 1.200 ni 5.700, tosha 300, inabaki 5.400.

Ya tatu ina metre karé 100 zaidi: tosha 1.200, inabaki 7.000. Matofali ya kuchoma, fundi tuliyekuwa naye alikadiria 1.000: inabaki 6.000. Karatasi tukazipa 500: inabaki 5.500.

Mnaona? Nyumba tatu tofauti kabisa, moja ya 4.500, moja ya 8.200, na zote zinatuelekeza pamoja pa 5.400 ao 5.500. Mama aliangalia karatasi kwa muda mrefu. Kisha akasema, «Basi yule mchuuzi wa mwezi wa sita, haikuwa matusi.» Hapana. Alikuwa amepita hata bei.

Makadirio haya (500 ya barabara, 300 ya simenti) si sheria. Kwenu yatakuwa mengine. Mwite fundi wa nyumba, mwulize leo kutia simenti chini ya vyumba vitatu ni ngapi, naye atakuambia. Kwa manjanja, angalieni namba yake: 28 ni nzito kuliko 30, na 30 ni nzito kuliko 32. Namba ikipanda, chuma kinapungua. Wanunuzi wa leo wanalijua hilo, wengine wanapanda na kugonga kwa kidole. Na parsele, ipimeni kwa metre ao kwa kamba iliyopimwa, msitegemee neno la baba. Tumekwisha kukuta «20 kwa 25» ambayo ilikuwa 17 kwa 22 juu jirani alikuwa anasogeza ua kidogokidogo kila mwaka.

Pia mto na mlima. Toka tarehe 4 mwezi wa tano 2023, wakati maji na mawe yalipiga Bushushu na Nyamukubi huku Kalehe na kuua mamia ya watu, hakuna anayenunua karibu na mto bila kuuliza maji yanapita wapi. Kama nyumba yako iko kwenye bonde, usifiche. Mnunuzi atauliza majirani. Weka hilo ndani ya bei toka mwanzo.

Karatasi zina bei yake

Sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema udongo wa Kongo ni wa Serikali. Tunachouzisha ni nyumba na haki ya kutumia pale. Kwa hiyo mnunuzi anataka kujua ile haki ina nguvu gani. Mwenye sertifika ya kuandikishwa ana nguvu kubwa. Mwenye fishi ya parsele na mkataba na Serikali anafuata. Mwenye udongo wa mila, kwa mfano aliyeupata kwa kalinzi, anahitaji shefu ajue na akubali, na majirani wa mipaka yote wasimame kama mashahidi.

Mama yetu alikuwa na karatasi moja ya zamani, imekunjwa mara nane, bila jina la majirani wawili. Tulimshauri aende kwa shefu pamoja na hao majirani na kutengeneza karatasi mpya mbele ya kutafuta mnunuzi. Ilimchukua juma mbili. Karatasi haikuifanya nyumba kuwa nzuri zaidi, lakini iliondoa woga.

Woga ni jambo kubwa kwetu. Mmeona kwenye kuta za miji yetu watu wanaandika «Nyumba hii haiuzishwi». Wanaandika juu ndugu mmoja, ao hata mgeni, anaweza kuuzisha nyumba isiyo yake. Kwa hiyo bei ya chini sana haivuti watu kama mnavyofikiri. Ukiomba 3.500 kwa nyumba ya 5.500, mnunuzi mwenye akili atasema: kuna palabre hapa. Atakayebaki ni yule anayependa palabre.

Kama nyumba ni ya mume na mke, wakubaliane wote wawili mbele ya kutaja bei kwa mtu wa inje. Ni sheria ya familia inaomba hivyo, na tena ni busara, juu komisioneri akimkuta baba shambani na 9.000, na mama sokoni na 6.000, atarudi na 5.000. Kama ni nyumba ya marehemu, watoto wote wajulishwe, hata aliye Kisangani, hata yule wa inje ya ndoa aliyetambuliwa na baba. Saini moja ikikosekana, mnunuzi anatosha 500, ao anatosha yeye mwenyewe na kwenda.

Namba tatu za kuwa nazo

Ukiisha kujua kama nyumba inalipwa 5.400 ao 5.500, unahitaji namba tatu. Ya kwanza ni ile utakayoomba. Ya pili ni ile unayotazamia. Ya tatu ni ile ambayo chini yake huuzishi, na hiyo inabaki ndani ya nyumba, haitamkwi.

Watu wetu wanapenda kupatana. Mnunuzi asipopunguziwa hata kidogo anaona ameibiwa, kwa hiyo lazima uache nafasi. Lakini nafasi iwe kama mlango, si kama uwanja wa mpira. Mama aliomba 5.900, alitazamia 5.400, na chini ya 5.200 alikataa. Mtu akisikia 5.900 pahali watu wanalipa 5.500, anakaa na kuzungumuza. Akisikia 9.500, hakai hata kupunguza. Anaona haya kusema namba iliyo ndani ya kichwa chake, basi anasema «tutarudi».

Bei iwe moja kwa kila mtu. Iandikeni kwenye karatasi na mpe kila komisioneri nakala, juu wengine wanaongeza feza yao juu ya yako bila kukuambia: wewe umesema 5.900, mnunuzi anasikia 6.800. Kubalianeni toka mwanzo komisioneri atapata ngapi kwa mia, na nani atamlipa. Yeye pia ni kazi yake, tusimchukie, lakini ajue kama bei inajulikana.

Juu ya wakati, tunaongea kifupi: huku kwetu wa kahawa, mwezi wa sita na wa saba feza inatembea, mwezi wa tisa inakwenda shuleni. Kama unaweza kuchagua, tangaza nyumba mwezi wa tano, na bei nzuri toka siku ya kwanza. Wale wanaokuja juma za kwanza njo wanunuzi wa kweli, wamekuwa wakitafuta. Ukiwakosa hao kwa bei mbaya, hata ukishusha kisha, hawarudi, wamekwisha kununua.

Na feza: andikeni dola ndani ya karatasi, kama ni dola mlipatana. Hesabuni mchana, mbele ya mashahidi, noti moja moja. Noti iliyopasuka kidogo tu, ao ya zamani ya kichwa kidogo, kesho hakuna atakayeipokea, na bei yako itakuwa imeshuka bila wewe kupatana.

Ile 4.000

Mnataka kujua kama mama alichukua zile 4.000 za mwezi wa kumi. Hapana, lakini ilibaki kidogo. Kikundi chake cha kuweka na kukopa kilimpa dola 300 kwa hospitali, na hiyo njo ilimpa nguvu ya kusema «ngoja». Bila 300 angepoteza zaidi ya elfu moja. Tungependa komite za koperative zilifikirie hilo: mkopo mdogo kwa wakati unaofaa unaweza kuokoa nyumba nzima isiende kwa bei ya machozi.

Aliweka 5.900 mwisho wa mwezi wa kumi, na karatasi mpya mkononi. Watu sita walikuja. Mmoja, mwalimu, alianza na 5.000, wakapanda, wakashuka, wakakubaliana 5.350. Komisioneri alipata 5 kwa mia, ni dola 267 na nusu. Ilibaki dola 5.082 na nusu. Alirudisha mkopo, alilipa sehemu ya deni, na shamba ile ya elfu sita hakuipata yote: mwenyewe alikubali kuigawa, akamuuzishia upande wa juu. Miche ya kahawa ameishaipanda. Lakini ile 5.700 ya mwezi wa sita, bado anaizungumuza.

Kazi ya mkutano unaokuja

Kila kikundi kichague nyumba moja ya mwanamemba, hata ambayo haiuzishwi. Mbele ya mkutano, watu watatu waende kutafuta bei tatu zilizolipwa kweli karibu nayo, na bei ya parsele moja tupu. Siku ya mkutano, kila mtu aandike kwanza, peke yake, bei anayofikiri. Mwenye nyumba naye aandike. Kisha fanyeni hesabu pamoja kama tulivyofanya hapa juu, na mlinganishe. Mjadiliane: kwa nini namba ya mwenye nyumba ilikuwa mbali ao karibu? Tutumieni majibu kwa animateri wenu, tutayachapisha namba ijayo bila majina.